UZI: Italia nje ya Roma na Venice – Aquileia, Sepino, Agnone, na namna ya kufika bila kukwama

Njia_ya_Kondoo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Ratiba nyingi za Italia zinazozunguka mitandaoni zinafanana: Roma siku tatu, Florence mbili, Venice mbili, safari imeisha. Miji hiyo ina haki yake. Lakini Italia ndiyo inayoongoza duniani kwa idadi ya maeneo ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mengi yako kwenye miji midogo ambako unasimama mbele ya kazi ya miaka 1,700 bila kusukumwa na mtu.

Nianze na kona mbili: Friuli, kaskazini-mashariki kabisa, na Molise, katikati ukielekea kusini. Anayeijua Puglia na Basilicata aongeze hapo chini.

Kabla ya yote: chagua mkoa mmoja, lala mji mmoja wenye stesheni, toka asubuhi rudi jioni. Anayetaka Friuli, Molise na Puglia ndani ya wiki moja, wiki hiyo itaishia kwenye mabehewa. Mabasi ya vijijini huko yanawafuata wanafunzi. Asubuhi yapo, saa saba na saa nane mchana yapo, jioni yanapungua, Jumapili ni ya kubahatisha. Shule zikifungwa, kuanzia Juni hadi Septemba, baadhi ya safari zinaondolewa kabisa. Kwenye bango la ratiba tafuta maneno matatu: *feriale* ni Jumatatu hadi Jumamosi, *festivo* ni Jumapili na sikukuu, *scolastico* ni siku za shule tu. Watu wengi husoma saa wakaacha hayo maneno, halafu wanasubiri basi ambalo siku hiyo halipo.

Sasa Aquileia. Warumi waliuanzisha mwaka 181 KK kulinda mpaka wao wa upande ule, ukakua ukawa bandari kubwa ya mtoni. Attila aliuvunja mwaka 452. Leo ni mji mdogo mtulivu wenye mashamba pande zote, lakini ndani ya basilika kuna sakafu ya mozaiki ya mwanzo wa karne ya 4, ya wakati wa Askofu Theodoro, takribani mita za mraba 760. Imepona kwa sababu ilifunikwa. Patriaki Poppone alipolijenga upya kanisa, likawekwa wakfu mwaka 1031, sakafu mpya iliwekwa juu ya ile ya kale, nayo ikalala huko chini mpaka ilipofukuliwa mwaka 1909, wakati eneo hilo lilikuwa bado chini ya Austria.

Unapita juu ya njia za vioo, mozaiki iko chini yako. Wageni wengi huishia katikati wakapiga picha mbili wakatoka. Nenda mpaka upande wa altare. Huko kuna bahari nzima: samaki, pweza, bata, vijana wenye mabawa wanaovua kwa nyavu, na ndani ya bahari hiyo kisa cha Nabii Yona (Yunus) katika matukio matatu. Anatupwa kwenye kinywa cha mnyama wa baharini aliyejikunja kama joka, anatapikwa, kisha amejilaza kivulini chini ya mmea wa mamumunye. Tazama vijiwe vya mawimbi kwa karibu: ni mistari mifupi tu iliyokatika katika, na bado jicho linaona maji yanayosogea.

Usitoke bila kushuka kwenye *Cripta degli Scavi*, chumba cha chini cha uchimbaji. Hapo utaona msingi wa mnara wa kengele ulivyopenya katikati ya mozaiki. Waliojenga mnara hawakujua kilicho chini, au hawakujali. Kuna pia jogoo anayepigana na kobe, ambayo kwa kawaida hufasiriwa kuwa nuru dhidi ya giza.

Nyuma ya kanisa kuna makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwezi Oktoba 1921, majeneza 11 ya askari wasiojulikana yaliwekwa ndani ya basilika hii, na Maria Bergamas, mama aliyepoteza mwanawe vitani, akachagua moja lipelekwe Roma. Ndilo lililoko kwenye mnara mkubwa mweupe wa Piazza Venezia. Yale kumi yaliyobaki yamezikwa hapa.

Kufika: panda treni ya mkoa kwenye reli ya Venice–Trieste, shuka stesheni ya *Cervignano-Aquileia-Grado*. Kutoka hapo ni kilomita 8 hivi kwa basi la kuelekea Grado, linasimama Aquileia. Nunua tiketi ya basi mapema kwenye duka la *tabacchi* (la sigara) au kwa programu ya simu, na nunua ya kurudi hapo hapo.

---

Mkwaju_Mkavu

Mkuu, shukrani kwa uzi. Maswali mawili. Kwa Friuli ni bora kulala Trieste au Udine? Na ule mji wa nyota, Palmanova, una maana ukiuona kwa chini, au ni wa picha za angani tu?

---

Njia_ya_Kondoo

Udine. Trieste ni mji mzuri sana lakini uko pembeni, kila safari ya ndani inaanza kwa kurudi nyuma. Udine ni njia panda, na vyumba kwa kawaida ni nafuu kidogo.

Palmanova: Venice ilianza kuijenga mwaka 1593, ngome yenye ncha tisa, na tangu 2017 imo kwenye orodha ya UNESCO pamoja na ngome nyingine za Kiveneti. Ukisimama chini nyota huioni, hilo ni kweli. Unachokiona ni uwanja wa kati wenye pembe sita, barabara zinazotoka hapo zikiwa zimenyooka, na milango mitatu tu ya kuingilia. Ili uelewe umbo lake, acha uwanja, tembea juu ya boma kati ya mlango na mlango. Hapo ndipo unaona ncha moja inavyoilinda ncha ya jirani, na kwamba adui akikaribia ukuta anapigwa kutoka pande mbili. Saa mbili zinatosha, kisha endelea Aquileia siku hiyo hiyo, ni kilomita 17 hivi.

Cividale del Friuli ipe nusu siku nzima. Ilikuwa makao ya utawala wa kwanza wa Walombardi (kabila la Kijerumani) nchini Italia, kuanzia 568. Nenda moja kwa moja *Tempietto Longobardo*: kanisa dogo, na juu ya mlango kuna wanawake sita waliochongwa kwa lipu, mavazi yao yana mikunjo kama waliosimama jana. Lipu ya umri huo kwa kawaida huwa imeshapukutika. Kisha Altare ya Ratchis ya karne ya 8 kwenye jumba la makumbusho la Kikristo, kisha Ponte del Diavolo (Daraja la Shetani) juu ya mto Natisone. Kabla ya kutoka Udine, hakikisha siku hiyo usafiri wa Cividale ni treni au basi, maana vituo vyake ni tofauti.

---

Bi_Tausi

Naomba kuuliza, kwa sisi wa Dar na Nairobi, ubalozi haupati shida ukipeleka ratiba ya vijiji wasivyovizoea?

---

Karani_wa_Safari

Dada, jina la kijiji si tatizo. Tatizo ni ratiba isiyojibu maswali. Afisa anataka kuona kila usiku una mahali pa kulala na kila mji una njia ya kuufikia. Ukiandika "Agnone, usiku 2" bila kueleza unafikaje, umemwachia shaka. Weka jedwali fupi: tarehe, mji, malazi, usafiri. Mji wa msingi mmoja unasaidia hapa pia, kwa sababu nafasi moja ya hoteli ya usiku sita inasomeka kirahisi kuliko nafasi sita za usiku mmoja mmoja.

Yaliyobaki ni ya kawaida ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usikae mpaka huko mwisho, kwani uamuzi unaweza kuchukua siku 15 na ukirefushwa ufike 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya hapo bure. Hiyo ni mbali na ada ya kituo kinachopokea maombi. Bima iwe ya angalau euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen na kurudishwa nyumbani, na tarehe zake zifunike safari nzima bila pengo la hata siku moja. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na iishi miezi 3 zaidi ya siku ya kutoka.

Ukipitia Ufaransa au Uholanzi, omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, omba kwa ile unayoingia kwanza.

Na mnaofikia kwa ndugu walioko Italia: mwenyeji anapaswa kutoa taarifa ya kukupokea polisi au ofisi ya manispaa ndani ya saa 48. Hoteli hufanya hivyo zenyewe unapowapa pasipoti. Kwa ndugu, watu husahau.

---

Njia_ya_Kondoo

Ahsante Karani. Twende Molise, mkoa ambao hata Waitaliano wengi hawajaufika. Hauna uwanja wa ndege wa abiria.

Mahali pa kuanzia ni Saepinum, magofu ya mji wa Kirumi. Angalizo la kwanza kabisa: ukiandika "Sepino" kwenye ramani ya simu, itakupeleka kijiji cha leo kilichoko mlimani. Magofu yako chini bondeni, kilomita chache kutoka hapo. Andika *Altilia*.

Barabara kuu ya mji huu ni njia ya mifugo. Kabla ya Warumi, wafugaji walikuwa wanashusha kondoo kutoka milima ya Abruzzo kwenda tambarare za Puglia wakati wa baridi, na kuwarudisha joto likianza. Mji ukajengwa juu ya njia yao. Njia hizo zinaitwa *tratturi*, na zile kubwa zilipimwa upana wa mita 111, zikalindwa kisheria kwa karne nyingi. Hii inayopita hapa ni ya Pescasseroli–Candela, na nje ya ukuta bado utaiona kama mkanda mpana wa majani usiojengwa kitu. Uhamishaji huo wa mifugo uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2019.

Nenda Lango la Bojano. Juu kuna maandishi ya Tiberio na Druso, wana wa kambo wa mfalme Augusto, waliogharamia ukuta, pembeni sanamu mbili za mateka waliofungwa. Lakini tafuta maandishi mengine, marefu na ya herufi ndogo, yaliyochongwa karibu mwaka 170 BK. Ni barua kutoka kwa wakuu wa walinzi wa mfalme kwenda kwa viongozi wa mji: wachungaji wanalalamika kwamba wakipita hapa, askari na maofisa wanawakamata, wanawaita watumwa watoro na wezi wa mifugo, na katika vurugu hizo kondoo wa mfalme wanapotea. Viongozi wanaonywa waache. Mfugaji yeyote wa Simanjiro au Kajiado angeielewa barua hiyo mstari kwa mstari.

Ndani usikose ukumbi wa maigizo. Wakulima wa zama za karibuni walijenga nyumba zao juu ya viti vya mawe, zikafuata mviringo wake, na ziko pale mpaka leo. Vaa viatu vya kufunika vidole, majani yana unyevu. Kivuli ni kidogo, kwa hiyo Julai na Agosti nenda asubuhi.

---

Pwani_Kaskazini

Niongeze: Molise Kiingereza ni haba kuliko Friuli. Ndugu zetu wa Malindi na Watamu wanaoongea Kiitaliano wakifika huko watafaidi kuliko mgeni mwingine, kwa sababu wazee wa vijiji wanapenda kueleza, ila kwa lugha yao.

Ila sikubaliani na wanaosema Molise lazima gari. Campobasso na Isernia zina mabasi.

---

Njia_ya_Kondoo

Mkuu, kwa Isernia na Campobasso zenyewe, sawa. Kwa Altilia na Agnone, ukiwa na siku mbili tu, basi litakula nusu ya muda wako. Hata reli ya kuelekea Campobasso imekuwa na vipande vya kazi ambavyo abiria wanahamishiwa mabasi. Ukiona *Bus* kwenye tiketi uliyokata kama ya treni, ndiyo hiyo, na kituo kinaweza kuwa nje ya stesheni.

Kwa gari: beba leseni ya kimataifa ya udereva pamoja na ya nyumbani. Inatolewa nchini kwako kabla ya kusafiri, ukishafika umechelewa. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva kwa ajili ya dhamana, kadi ya benki ya kawaida mara nyingi inakataliwa kaunta. Alama ya *ZTL* (eneo la magari yenye kibali tu) mlangoni mwa mji wa kale ina kamera: ukipita bila kibali, faini inafuata jina lako miezi kadhaa baadaye, na kampuni ya gari inaongeza ada yake ya kutoa taarifa zako. Egesha nje, tembea. Jumapili na mchana vituo vya mafuta hubaki na mashine tu, na baadhi hukataa kadi za nje, hivyo weka noti za euro 10 na 20. Na kuanzia 15 Novemba hadi 15 Aprili, barabara nyingi za milimani zinadai matairi ya baridi au minyororo ndani ya gari.

Agnone iko kwenye mwinuko wa mita 800 na kitu, saa moja hivi kutoka Isernia kwa barabara ya kona. Watu huenda kwa ajili ya kiwanda cha kengele cha ukoo wa Marinelli, kati ya biashara kongwe kabisa za kifamilia Italia, na jumba lake la makumbusho. Papa Pius XI aliwapa ruhusa ya kutumia nembo ya kipapa mwaka 1924. Ziara huwa kwa saa maalumu na mwongozaji, piga simu siku moja kabla.

Ili ufaidi ziara, jua hatua kabla. Kwanza wanajenga kiini cha matofali, tupu ndani, chenye umbo la tumbo la kengele. Juu yake wanapaka udongo tabaka kwa tabaka, wakizungusha ubao uliokatwa kwa umbo, mpaka wanapata "kengele ya uongo" ya unene kamili wa ile ijayo. Juu ya udongo huo wanabandika maandishi na picha za nta. Kisha wanafunika kwa tabaka nyingine za udongo, ndiyo joho. Moto unawashwa ndani ya kiini, nta inayeyuka, na chapa yake inabaki upande wa ndani wa joho. Joho linainuliwa, kengele ya uongo inavunjwa, joho linarudishwa mahali pake. Nafasi iliyoachwa ndiyo kengele. Kalibu yote inafukiwa shimoni, udongo unashindiliwa kwa nguvu, ndipo wanamimina shaba nyeusi iliyoyeyuka: sehemu 78 za shaba nyekundu na 22 za bati.

Kila hatua ina namna yake ya kuharibika. Udongo ukibaki na unyevu, mvuke unatafuta njia ndani ya metali na kuacha matundu. Shimo lisiposhindiliwa vizuri, uzito wa metali unapasua joho. Bati likizidi, kengele inapasuka ikigongwa. Likipungua, sauti inakuwa butu. Na kasoro ya sauti haionekani mpaka wafukue, baada ya miezi ya kazi.

---

Mwana_wa_Unga

Kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe, hali ya chakula ikoje huko?

---

Pwani_Kaskazini

Inawezekana, ila soma maneno. *Strutto* ni mafuta ya nguruwe na huingia hata kwenye mikate na vitafunwa usivyovitarajia. *Guanciale*, *pancetta*, *lardo*, *speck* vyote ni nguruwe. Molise kuna *pampanella*, nyama nyekundu ya pilipili inayovutia macho: ni nguruwe. Friuli kuna keki ya *gubana* yenye jozi (walnut) na zabibu kavu, mara nyingi ina pombe kali ndani. *Frico* ya jibini na viazi ni salama ikiwa haikuchanganywa na speck, uliza. Jibini ngumu nyingi za Italia hugandishwa kwa kimeng'enyo cha tumbo la ndama, basi kila mtu afuate msimamo wake.

Kusini ni rahisi zaidi. Mkate wa Altamura, wenye hadhi ya DOP (jina la asili linalolindwa kisheria) tangu 2003, ni semolina ya ngano ngumu, chachu ya asili, chumvi na maji, basi. Ganda lake kisheria lisipungue milimita 3, ndilo linaloufanya ukae siku kadhaa bila kuharibika. Bonyeza ganda kabla ya kununua: lipasuke kwa sauti. Likibonyea kimya, si wenyewe au ni wa jana yake uliokaa kwenye plastiki.

Na kwa kuwa mwanzisha uzi aliuliza Puglia: Altamura iko njiani kwenda Matera. Matera, mji wa nyumba za mapangoni, imeshajulikana sana, sitaieleza kwa kirefu, ila usafiri wake unawachanganya watu. Treni za taifa hazifiki. Unapanda reli nyembamba ya kampuni ya FAL kutoka Bari, stesheni yake iko pembeni ya Bari Centrale. Altamura ndipo njia ya Matera inapoachana na ya Gravina: huenda ukabadilisha treni, au behewa zikatenganishwa, kwa hiyo uliza uko behewa la wapi. Jumapili angalia ratiba kwanza, huenda ukakuta mabasi badala ya treni. Matera shuka chini *Palombaro Lungo*, tangi la maji lililochongwa kwenye mwamba chini ya uwanja mkuu, lenye uwezo wa lita milioni 5 hivi.

Ukiwa na siku ya ziada, Otranto: kanisa kuu, sakafu nzima ni mti wa mozaiki uliobebwa na tembo wawili, kazi ya mtawa Pantaleone, 1163 hadi 1165. Matawini utamkuta Aleksanda Mkuu na Mfalme Arthur. Kutoka Lecce unabadilisha treni Maglie. Epuka Jumamosi alasiri, arusi zikianza wageni hutolewa.

---

Mkwaju_Mkavu

Wakuu, mwezi gani ni bora kwa Agnone?

---

Njia_ya_Kondoo

Mei, Juni na Septemba kwa hali ya hewa. Ila ukiweza kuvumilia baridi, nenda karibu na tarehe 8 Desemba (hakiki siku yenyewe ya mwaka huo) au usiku wa 24 Desemba kwa *'Ndocciata*, maandamano ya mienge. Wanaume waliovaa majoho meusi wanabeba mienge mikubwa ya mti wa msonobari mweupe iliyofungwa pamoja kama feni, wanashuka nayo barabara kuu mji ukiwa umezimwa taa. Vyumba vya Agnone hujaa mapema sana kwa siku hizo, ukikosa lala Isernia. Gari liache nje ya mji kabla ya jua kuzama, barabara ikifungwa huwezi kulitoa. Simama upande ambao upepo unatokea, kwa sababu cheche zinaruka, na koti la nailoni linatoboka. Vaa sufu.